Mguu Uliovimba Bila Kuuma

Mgonjwa huingia kliniki akitembea, na hapo ndipo wengi hukosea. Amekuwa na kisukari kwa miaka kumi na zaidi. Mguu mmoja umevimba kuanzia vidoleni hadi juu ya kifundo, ngozi imejaa na kung'aa, na ukiugusa una joto. Akiulizwa kama unamuuma anatikisa kichwa, au anasema unamsumbua kidogo tu. Hakumbuki kuanguka. Labda wiki mbili zilizopita aliteleza akishuka kwenye daladala, akajiweka sawa na kuendelea na safari zake. Kwa kuwa anatembea na halalamiki, huambiwa ngozi imeingia vijidudu, au ni gauti, au ameteguka. Hupewa antibayotiki na vidonge vya maumivu, kisha hurudi nyumbani kuukanyaga mguu ule ule wiki nyingine sita. Siku anapopigwa picha ya eksirei, mifupa ya katikati ya unyayo imeshapasukapasuka na kuhama mahali pake.

Madaktari huuita ugonjwa huu mguu wa Charcot. Jina hilo hutamkwa Sharko, na ni vizuri kulikariri, kwa sababu huenda wewe ndiye utakayelitaja kwanza mbele ya daktari wa zamu. Ni kuharibika kwa mifupa na maungio ya unyayo na kifundo kwa mtu ambaye neva za miguu yake zimekufa ganzi. Si kila mwenye kisukari atakayeupata. Kwa jumla huwapata chini ya mmoja katika kila wagonjwa 100. Lakini Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima milioni 24 katika kanda yake ya Afrika wanaishi na kisukari, na zaidi ya nusu yao hawajijui. Hata sehemu ndogo ya umati huo ni watu wengi, na wapo watakaojua kwamba neva zao zimeharibika siku mguu utakapovimba.

Kama una nafasi ya kushika jambo moja tu, shika hili: mtu mwenye ganzi miguuni, mguu wake mmoja ukivimba na kuwa na joto kuliko mwenzake, uhesabiwe kuwa umevunjika hadi daktari athibitishe kwamba sivyo. Usikanyagwe tena kuanzia saa hiyo. Uwe unauma au hauumi, hilo halibadilishi chochote.

Neva zikinyamaza

Unyayo mmoja una mifupa 26 na maungio zaidi ya 30, na yote hubeba uzito wa mwili mzima kwa maelfu ya hatua kila siku. Mtu mwenye neva nzima hajui ni mara ngapi maumivu humwokoa. Akikanyaga vibaya huchechemea, akisimama sana huhamishia uzito mguu wa pili, kiatu kikimbana hukivua. Hayo yote huyafanya bila kufikiri.

Sukari iliyokaa juu kwa miaka huziua neva hizo polepole, kuanzia ncha za vidole kupanda juu. Za hisia zikifa, mtu hakanyagi tena kwa tahadhari. Za misuli zikifa, vidole hujikunja, na mzigo huhamia sehemu za unyayo ambazo hazikuumbwa kuubeba. Ziko pia neva zinazosimamia jasho na mishipa ya damu. Hizo zikifa, ngozi hukauka na kupasuka, na mishipa hubaki wazi, damu ikimiminika mguuni bila breki. Ndiyo maana mguu wa Charcot mara nyingi una mapigo yenye nguvu na joto jingi, tofauti kabisa na mguu uliokosa damu, ambao huwa wa baridi.

Kisha hutokea ajali ndogo, wakati mwingine ndogo kiasi cha kutokumbukwa. Mwili hujibu kwa uvimbe, na uvimbe huamsha chembe zinazomeng'enya mfupa. Mfupa hulainika. Mtu mwingine angekuwa amelala, mguu uko juu ya mto. Huyu amekwenda sokoni. Kila hatua hupasua zaidi, kila mpasuko huongeza uvimbe, na uvimbe huzidi kulainisha mfupa. Katika miezi michache upinde wa unyayo huweza kuporomoka mpaka chini pakatuna kama tumbo la mtumbwi. Hapo kwenye tuta ndipo kidonda huchimbika, ndipo vijidudu huingilia hadi mfupani, na ndipo habari ya kukata mguu huanzia. Kilichoharibika kikiwa ni kifundo chenyewe badala ya katikati ya unyayo, hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu mguu hupinda upande na mtu hukanyagia pembeni.

Kisukari ndicho chanzo kikuu siku hizi, lakini hakiko peke yake. Ukoma huua neva, na Tanzania bado hugundua wagonjwa wapya wa ukoma kila mwaka. Kaswende iliyoachwa bila tiba, pombe nyingi ya miaka mingi na majeraha ya uti wa mgongo vyote huweza kuleta mguu huu. Wako pia watu waliobaki na ganzi kutokana na stavudine, dawa ya virusi vya UKIMWI ambayo Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 iachwe taratibu. Yeyote mwenye ganzi ya kudumu miguuni, hata kama sukari yake haina shida, ajikague kama ilivyoelezwa hapa.

Walioujua kwanza

Jean-Martin Charcot, daktari wa neva wa hospitali ya Salpêtrière jijini Paris, alieleza mwaka 1868 maungio yaliyosambaratika kwa wagonjwa ambao kaswende ilikuwa imewashambulia uti wa mgongo. Mmarekani John Kearsley Mitchell alikuwa ameshauona uhusiano wa uti wa mgongo na maungio yaliyovimba mwaka 1831. Kisukari kilikuja kutajwa baadaye sana, mwaka 1936, na William Riely Jordan wa Boston. Penisilini ikapunguza kaswende, insulini ikarefusha maisha ya wenye kisukari, na ugonjwa ule ule ukahamia kwa kundi jingine la watu.

Lakini anayestahili kukumbukwa zaidi na msomaji wa huku kwetu ni Paul Brand, daktari mpasuaji Mwingereza aliyezaliwa India na kuanza kazi Vellore, kusini mwa nchi hiyo, mwaka 1946. Watu waliamini kwamba ukoma wenyewe hula vidole. Brand alionyesha kwamba vidole na nyayo za wagonjwa wake vilikuwa vinaharibiwa na majeraha ya kawaida ya kila siku ambayo hawakuyasikia. Wengine waliamka asubuhi kipande cha kidole hakipo. Walipokesha kuangalia, walikuta panya wanawatafuna usingizini, na tangu hapo wagonjwa waliorudi kwao walipewa paka. Asiyeamini kisa hicho asikilize cha Dar es Salaam: mwaka 2005 watafiti waliokuwa na Zulfiqarali Abbas, daktari ambaye kwa miaka mingi amefundisha utunzaji wa miguu ya wenye kisukari nchini Tanzania, walichapisha taarifa ya wagonjwa wao wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala. Neti ya mbu iliyochomekwa vizuri chini ya godoro humkinga mwenye ganzi na zaidi ya malaria.

Plasta ngumu, ile ambayo wengi huiita piopi, ilitumika kutibu vidonda vya nyayo kwa wagonjwa wa ukoma huko India. Brand aliichukua hadi Carville, jimbo la Louisiana nchini Marekani, na kutoka hapo ikaenea kwenye kliniki za kisukari. Hili lina maana kubwa kwetu. Tiba kuu ya mguu wa Charcot haikuzaliwa kwenye hospitali za matajiri. Ilitokana na wodi maskini, kwa plasta, bandeji na mikono ya fundi mvumilivu. Hospitali ya wilaya yenye vifaa hivyo haina sababu ya kumrudisha mgonjwa mikono mitupu.

Brand na wenzake walijaribu pia kutengeneza glavu na soksi zenye vihisio ambavyo vingempa mgonjwa ishara badala ya maumivu. Mradi ulishindwa. Wagonjwa walizima ishara kila walipotaka kumaliza kazi waliyokuwa nayo. Mpaka leo kilichobaki kuziba pengo la neva ni macho na mikono.

Kujikagua nyumbani

Anza kwa kujua kama una ganzi. Kuna kipimo rahisi kilichobuniwa mjini Ipswich, Uingereza, kisichohitaji kifaa chochote. Lala au keti umefumba macho, miguu imenyooka. Mtu wa nyumbani aguse kwa ncha ya kidole chake cha shahada, kwa wepesi, sekunde moja au mbili tu, asibonyeze wala kutekenya: kidole gumba na kidole kidogo cha mguu wa kulia, kisha vivyo hivyo kushoto, halafu kidole cha kati cha kila mguu. Useme unapoguswa, na ni mguu gani. Ukikosa kuhisi vidole viwili au zaidi katika hivyo sita, hisia zako zimepungua, na kliniki inapaswa kujua. Kliniki yenyewe ina uzi wa nailoni unaobonyea kwa nguvu ya gramu 10, nao hufanya kazi hiyo hiyo kwa uhakika zaidi.

Ukishajua una ganzi, kazi ya kila jioni ni kulinganisha. Vua viatu na soksi, keti dakika kama kumi na tano ili miguu ipoe, kisha iangalie yote miwili. Je, mishipa na vifupa vya juu vinaonekana sawasawa, au upande mmoja umejaa vimefichika? Je, kiatu kimoja kimeanza kubana wakati mwenzake kinaingia vizuri? Kwenye vitabu vingi utasoma kwamba mguu huwa mwekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha. Mara nyingi utaona weusi uliokolea zaidi na kung'aa, au hutaona mabadiliko yoyote ya rangi. Kwa hiyo usitegemee rangi, tegemea joto. Tumia mgongo wa kiganja, uguse mahali pale pale kwenye mguu mmoja kisha mwingine. Kama mikono yako nayo ina ganzi, mwenzako aguse.

Vile vipima joto vya kuelekeza kwenye paji la uso vilivyojaa majumbani na maofisini wakati wa UVIKO vinafaa sana hapa, mradi viwekwe kwenye hali ya kupima uso wa kitu na si joto la mwili. Pima sehemu ile ile kwenye miguu yote miwili. Tofauti ya nyuzi 2 za Selsiasi au zaidi ni sababu ya kuacha kutembea na kwenda kuonwa.

Saa 24 za kwanza

Keti. Unyanyue mguu. Tafuta magongo, au kiti cha magurudumu cha kuazima, au mtu wa kukushika. Kisha panga usafiri wa kwenda hospitali siku hiyo hiyo au kesho yake asubuhi. Kama ni bodaboda ndiyo iliyopo, mguu wenye ganzi ukae mbali na ekzosi. Kuna watu waliofika hospitali na ugonjwa mmoja na kukutwa na wa pili, ngozi ya shavu la mguu imeungua bila wao kujua.

Mambo matatu ya nyumbani yaachwe, na yasemwe wazi kwa sababu yanafanywa kwa mapenzi mema. La kwanza ni kukanda kwa maji ya moto na chumvi. Mguu usiohisi hauwezi kusema maji yamezidi moto, na malengelenge ya kukandwa yamegeuka vidonda vikubwa kwa wagonjwa wengi wa kisukari. La pili ni kuchua, hata kwa mikono ya bibi aliyechua watoto wote wa mtaa. Mfupa uliolainika husogea ukichuliwa. La tatu ni kumpelekea fundi wa kuunga mifupa auvute urudi mahali pake. Kwa kuwa mgonjwa halii, fundi huvuta zaidi.

Liko na lingine. Mguu unaovimba ghafla bila jeraha wala maumivu huwafanya baadhi ya watu waseme mgonjwa amekanyaga kitu kilichotegwa. Ndugu wa mgonjwa wasigombane naye kuhusu hilo, bali wamfikishe hospitali kwanza. Mabishano ya nani kamtega yanaweza kusubiri, mifupa haisubiri.

Mbele ya daktari

Ugonjwa huu hupotea machoni pa wahudumu wengi kwa sababu si wa kila siku, na kwa sababu unafanana na mingine inayoonekana zaidi. Sema maneno haya bila kuona haya: "Daktari, nina kisukari, miguu yangu ina ganzi, na mguu huu mmoja umevimba na una joto. Naomba uangaliwe kama ni Charcot." Daktari mzuri hatakasirika.

Atahitaji kutofautisha mambo kadhaa. Damu iliyoganda kwenye mshipa wa mguu huvimbisha zaidi shavu la mguu kuliko unyayo, na huangaliwa kwa kipimo cha altrasaundi. Gauti kwa kawaida huuma vibaya sana, ingawa kwa mwenye ganzi maumivu hayo hupungua. Maambukizi ndiyo yanayochanganya zaidi. Hapa kuna swali lenye thamani kubwa: je, kuna kidonda, ufa au mahali popote ngozi imefunguka, hata kati ya vidole? Kama ngozi ni nzima kabisa, hakuna homa, na mgonjwa anajisikia vizuri, Charcot ina nafasi kubwa kuliko vijidudu. Jaribio la zamani la kitandani husaidia pia: mgonjwa alale, mguu unyanyuliwe juu ya usawa wa moyo dakika tano hadi kumi. Rangi na uvimbe wa Charcot hupungua, wa maambukizi kwa kawaida hubaki. Kama kidonda kipo, yote mawili yanaweza kuwepo kwa pamoja, na hapo ni kazi ya hospitali kubwa.

Picha ya eksirei ipigwe, ikiwezekana ya miguu yote miwili na mgonjwa akiwa amesimama kwa muda mfupi tu wa kupigwa picha. Lakini kuna mtego hapa. Katika wiki za mwanzo picha huweza kuwa safi kabisa, na mgonjwa akaambiwa hana kitu. Picha safi si ruhusa ya kutembea. Kipimo cha MRI huonyesha mfupa unaoumia kabla haujavunjika, ila mashine hizo ziko kwenye miji mikubwa na bei yake si ya kila mtu. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 kuhusu ugonjwa huu uko wazi: ukishuku na huwezi kuthibitisha, mtibu mgonjwa kana kwamba anao, mpumzishie mguu, rudia picha. Plasta ya wiki tatu kwa mtu ambaye hakuwa na Charcot ni usumbufu. Wiki tatu za kutembea kwa mtu aliyekuwa nayo zinaweza kumgharimu unyayo.

Msomaji asidanganyike na sindano na vidonge vya kuimarisha mifupa vinavyotangazwa. Dawa kadhaa zimejaribiwa, zikiwamo zile za kudhoofika kwa mifupa uzeeni, na mwongozo huo huo unashauri zisitumike kutibu Charcot kwa sababu manufaa hayajaonekana. Tiba ni kuondoa uzito juu ya mguu.

Plasta

Plasta inayotakiwa hapa si sawa na ya mkono uliovunjika. Huanzia vidoleni hadi chini kidogo ya goti, na hugusana na ngozi kila mahali ili uzito usambae mguu mzima badala ya kukaa sehemu moja. Katika kliniki zinazoifanya vizuri, mgonjwa hulazwa kifudifudi, goti limekunjwa, unyayo ukitazama dari, na kifundo kimewekwa pembe mraba. Pamba huwekwa kati ya vidole, vipande laini juu ya vifundo viwili na ugoko. Kisha fundi huzungusha bandeji za plasta zilizolowa na kuzilainisha kwa viganja. Hatumii ncha za vidole. Alama ya kidole ikikauka hubaki kinundu ndani ya plasta, na kinundu hicho kitachimba ngozi isiyoweza kulalamika.

Kwa nini isiwe buti la kuvaa na kuvua? Kwa sababu litavuliwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 uliwapima wagonjwa wa vidonda vya kisukari kwa vihesabu hatua na kukuta kwamba buti lilikuwa mguuni kwa asilimia 28 tu ya shughuli zao za siku. Hao hawakuwa wakaidi. Mtu asiyesikia maumivu akiamka usiku kwenda chooni haoni sababu ya kuvaa buti. Pale ambapo hakuna fundi wa plasta, buti refu la hadi magotini linaweza kufungwa kwa bandeji ngumu lisivuliwe, na hilo linakubalika.

Plasta ya kwanza ibadilishwe ndani ya siku chache, si wiki sita, kwa sababu uvimbe hushuka haraka na plasta hulegea. Plasta iliyolegea husugua. Baadaye hubadilishwa kila wiki moja au mbili, na kila mara joto la miguu yote miwili hupimwa na kuandikwa. Kazi huendelea hivyo miezi mitatu, sita, kwa wengine mwaka na zaidi, mpaka tofauti ya joto ishuke chini ya nyuzi 2, uvimbe uishe na picha zionyeshe mifupa imeshikana. Mgonjwa aambiwe muda huu siku ya kwanza, bila kufichwa, kwa sababu anayedhani ni wiki sita huikata mwenyewe kwa kisu wiki ya saba.

Wahudumu wengi humuaga mwenye plasta kwa maneno, "Ukisikia maumivu, rudi." Kwa mgonjwa huyu maneno hayo hayana kazi. Aambiwe arudi siku hiyo hiyo akiona plasta imelowa, imepasuka au inacheza. Ikitoa harufu au doa. Vidole vikibadilika rangi. Akipata homa au mitoki kwenye kinena. Au sukari ikipanda ghafla bila kula tofauti. Mara nyingi sukari ndiyo hutangulia kutoa habari za kidonda kilichojificha.

Kuishi na mguu mmoja kwa miezi

Hapa ndipo tiba nyingi hufia, wala si kwa kukosa dawa. Choo cha kuchuchumaa hakimfai mtu mwenye plasta. Atajiegemeza kwenye mguu mgonjwa hata kama hakutaka. Seremala wa mtaani anaweza kutoboa kiti cha mbao tundu la mviringo, kikawekwa juu ya shimo, na ndoo ya maji ikasogezwa karibu. Ni kazi ya siku moja, nayo huokoa hatua mbaya kuliko zote.

Mwislamu anayeswali aswali ameketi, na kuhusu udhu amuulize shekhe wake juu ya kupangusa maji juu ya kifungio cha jeraha, ruhusa inayojulikana sana katika fiqhi. Plasta isilowe. Fundi cherehani asidhani kwamba kwa kuwa ameketi amepumzika: kukanyaga cherehani ni kukunja na kukunjua kifundo kile kile siku nzima. Atafute msaidizi, au mota, au kazi ya mkono. Mama lishe, mkulima na mwalimu wanaosimama kutwa wana tatizo gumu zaidi, na hakuna daktari atakayelitatua peke yake. Familia ikae, ijue nani atateka maji, nani atafungua genge, nani atalipia nauli za kwenda kubadilishiwa plasta. Mgonjwa asiachiwe aombe kila siku. Akichoka kuomba ataamka atembee.

Mguu wa pili nao hulemewa. Plasta hurefusha mguu mmoja, kwa hiyo kiatu cha upande wa pili kiongezwe soli ili nyonga zikae sawa. Mguu huo wa pili ukaguliwe kila jioni kwa bidii ile ile, maana kuna wagonjwa ambao ugonjwa uliwarukia huko wakiwa bado wanatibiwa wa kwanza. Na sukari iendelee kudhibitiwa. Haitarudisha neva zilizokufa, lakini itazuia nyingine zisifuate.

Plasta ikitoka

Siku ya kuitoa si siku ya kukimbia sokoni. Mgonjwa ahamie kwenye buti la kuvua au kifaa cha kushikilia kifundo, aongeze mwendo kidogo kidogo huku akipima joto kila siku. Likipanda, arudi kwenye plasta. Ugonjwa hurudi kwa wengine, hasa waliotolewa mapema.

Kisha viatu, na hapa mtu asione fahari. Kandambili na yeboyebo hazimfai tena: hazishiki kisigino, na vidole hulazimika kuzibana ili zisitoke. Katambuga za matairi, zinazoitwa akala nchini Kenya, zina soli imara inayozuia mwiba kuliko viatu vingi vya dukani, lakini zimeshikiliwa na misumari, na msumari ukipenya ndani mwenye ganzi ataukanyagia siku nzima. Kiatu kinachofaa kina nafasi kubwa mbele, soli ngumu iliyopinda kidogo ncha ili unyayo usikunjwe, kitanda laini ndani kilichochongwa kwa umbo la mguu wenyewe, na kamba au mkanda wa kufunga. Kabla ya kukivaa, ingiza mkono ndani upapase, ukipindue na kukikung'uta. Kiatu kipya kivaliwe saa moja siku ya kwanza, kisha mguu uangaliwe.

Mafundi wa kazi hii wapo. Chuo cha TATCOT kilicho kwenye hospitali ya KCMC mjini Moshi kimefundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kusaidia mwili tangu mwaka 1981, na wahitimu wake wanafanya kazi katika nchi nyingi za Afrika. Uliza hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe kama ina karakana ya vifaa hivyo.

Upasuaji huja kwa wachache. Tuta la mfupa chini ya unyayo linaweza kuchongwa, kano kubwa ya kisigino ikalegezwa ili mzigo upungue katikati ya unyayo, au kifundo kilicholegea kikaunganishwa kwa vyuma. Ni upasuaji wenye hatari, na kwa kawaida husubiri mpaka mguu upoe. Kukata mguu chini ya goti kuna siku yake, hasa mfupa ukishaoza kwa vijidudu, lakini mtu aliyeambiwa akatwe mguu uliovimba usio na kidonda ana haki ya kuomba rufaa kwa daktari bingwa wa mifupa kabla ya kutia saini.

Kwa wenye kisukari wote waliosoma hadi hapa: kwenye kliniki nyingi sukari hupimwa, presha hupimwa, dawa huandikwa, na mgonjwa huondoka viatu vikiwa mguuni. Zamu yako ikifika mwezi huu, vua viatu na soksi kabla hujaulizwa, weka miguu yote miwili mbele ya muuguzi, na umwombe aiguse.